Kuogopa Kunyanzi Ambalo Halijafika

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Samweli 16:7, Esta 2:12 hadi 4:16, Mithali 16:31



Kuna swali limekuwa likizunguka kwa vijana wetu, na linastahili jibu refu kuliko lile la dakika mbili mlangoni baada ya ibada. Swali ni hili: mtu wa miaka 26, uso laini, hana hata kunyanzi moja, anaweka pesa kando ili aende kliniki adungwe sindano ya kuamsha kolajeni, ndiyo makunyanzi yasimfikie mapema. Je, anatenda dhambi?

Majibu ya haraka yapo mawili. La kwanza ni la wazee: "Huyo ni Yezebeli." La pili ni la vijana: "Mwili ni wangu, pesa ni zangu, wewe inakuhusu nini?" Yote mawili yana shida moja. Yanafunga mdomo wa anayeuliza kabla hajafikiri. Hebu tukae na hili jambo polepole.

Kitu chenyewe ni nini

Tusihukumu tusichokijua. Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, kama vile vyuma vinavyoshikilia slab ya ghorofa kule Pipeline. Huvioni, lakini bila hivyo saruji ingepasuka. Mwili huitengeneza wenyewe. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu, kazi hiyo huanza kupungua polepole, madaktari hukadiria kama asilimia 1 kwa mwaka, na jua nalo huivunja ile iliyopo.

Matibabu haya yote yana mbinu moja: yanauchokoza mwili. Kuna sindano ndogo ndogo nyingi zinazotoboa ngozi juu juu. Kuna mwale wa leza. Kuna wanaochota damu yako, wanaizungusha kwenye mashine, halafu sehemu yake wanakurudishia usoni. Na kuna wanaodunga vitu kama asidi ya polilaktiki, jamaa wa zile nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe. Mwili unadhani umejeruhiwa, unakimbia kukarabati, na katika kukarabati unatengeneza kolajeni mpya. Matokeo hayaji siku hiyo. Huchukua miezi na vipindi kadhaa, na baada ya muda inabidi urudie.

Kwa hivyo si uchawi, na si lazima uwe utapeli. Mahali pazuri, kwa mkono uliosomea, kitu hiki hufanya kazi. Ndiyo maana swali letu ni la kweli. Kingekuwa uongo mtupu, jibu lingekuwa rahisi.

Sindano hii ilitoka wapi

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maanake historia hii inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya asidi ya polilaktiki inayoitwa Sculptra. Haikuidhinishwa kwa ajili ya urembo wa kawaida. Iliidhinishwa kwa watu wanaoishi na HIV ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea. Ruhusa ya kuitumia kwa makunyanzi ya mtu mwenye afya ilikuja baadaye, 2009.

Eastlands tunayajua mashavu hayo. Dawa za ARV zilipoanza kupatikana kwa wingi Kenya, moja ya zile za mwanzo ilikuwa stavudine, wengi waliijua kama d4T. Ilikuwa ya bei nafuu na iliokoa maisha ya watu wengi sana. Kuna watu waliokuwa wamelazwa wakingoja kufa, wakainuka. Lakini kwa wengi waliokaa nayo muda mrefu, iliyeyusha mafuta ya uso, ya mikono na ya miguu. Mtu amepata nguvu, anaamka saa kumi na moja kwenda Gikomba kutafuta, analea watoto, lakini uso unamtangaza kila anapopita. Mnakumbuka maneno ya kwenye ploti: "Muangalie mashavu, huyo ana mdudu." Mwaka uleule wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na d4T kwa sababu ya madhara hayo. Watu wakabadilishiwa dawa. Mashavu hayakurudi kirahisi.

Sasa tuweke watu wawili mbele yetu. Wa kwanza ni mama wa Kayole mwaka 2007, amepona lakini amebonyea mashavu, na kila akiingia kanisani anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Wa pili ni dada wa Donholm leo, miaka 26, anafanya kazi mapokezi ya ofisi fulani mjini, na simu yake inamwambia kila usiku kwamba amechelewa kuanza kujikinga.

Chupa ni ileile. Kama dhambi ingekuwa ndani ya chupa, ingekuwa dhambi kwa wote wawili. Na sidhani kuna mtu kati yetu anayeweza kumwangalia mama yule usoni amwambie kwamba kutamani mashavu yake ya zamani ni ubatili. Alitaka tu kupita sokoni bila kusomwa kama gazeti. Kwa hivyo wale wanaosema kila anayegusa uso wake anamtukana Muumba, waanze kwa kumjibu mama wa Kayole.

Lakini tusikimbilie kusema basi wote wako sawa. Mama alipoteza kitu. Ugonjwa na dawa vilimnyang'anya, naye alitaka arudishiwe. Dada wa Donholm hajapoteza chochote. Anachotibiwa hakijatokea. Anatibiwa hofu, na hofu haina mahali pa kudungwa sindano.

Hesabu ya soko

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo mnivumilie nikifungua daftari kidogo.

Mfanyabiashara anayeuza dawa ya makunyanzi ana wateja wenye makunyanzi. Wakiisha, soko limeisha. Lakini anayeuza kinga ya makunyanzi ana mteja kwa kila mtu mwenye ngozi. Tena hana haja ya kungoja shida. Anauza woga wa shida. Na bidhaa hii ina sifa moja ambayo muuzaji yeyote angeitamani: mteja hawezi kuipima. Ukifika miaka 40 na uso uko sawa, utaambiwa ni sindano. Kama una makunyanzi, utaambiwa bila sindano yangekuwa mabaya zaidi. Ile sura yako nyingine, ya mtu ambaye hakudungwa, haipo popote ukaiweke kando ulinganishe.

Mtu atasema, "Pasta, si bima nayo ni hivyo? Si chanjo ni hivyo?" Hoja nzuri. Kukinga kabla ya kuumia ni hekima, na Biblia inamsifu chungu anayeweka chakula mapema. Lakini chanjo ya surua inakinga ugonjwa unaoua mtoto. Bima ina mkataba: likitokea hili, utalipwa hili. Kabla hatujaita kitu kinga, lazima tuulize kinakinga nini. Kama ni ugonjwa, sawa. Kama ni kuonekana una miaka 45 wakati una miaka 45, basi kuna mtu amekwisha kutushawishi kwamba umri ni ugonjwa. Hapo ndipo pa kusimama tukauliza: nani alisema?

Halafu kuna gharama ile ambayo haiandikwi kwenye risiti. Pesa ikienda huku, haiendi kule. Kipindi kimoja cha sindano hizi kinaweza kumeza kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa. Ni oveni ya mtu aliyetaka kuanza kuoka keki. Ni hisa za sacco. Ni semista ya mdogo wako. Sisemi kila shilingi lazima iende kwa shida. Mungu wetu ni Mungu wa furaha pia, na Zaburi ya 104 inahesabu mafuta ya kung'arisha uso pamoja na mkate na divai katika zawadi zake. Nasema tu, jua unanunua nini, na jua unaacha nini.

Na kama ni kinga kweli unayotaka, ya bei nafuu ipo. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ule wa dirishani, ulikuwa umekunjamana kuliko wa kulia kwa namna ya kushangaza. Mtu mmoja, umri mmoja, nyuso mbili. Jua lilipita kwenye kioo. Sisi Waafrika Mungu ametupa melanini, inayochelewesha makunyanzi kuliko kwa ndugu zetu weupe, lakini haimaanishi jua halitufanyi kitu. Kofia, leso, sanskrini, kutovuta sigara, kulala vya kutosha. Mama anayeuza mboga kando ya Outering Road kutwa nzima anahitaji mwavuli kuliko dada wa Donholm anavyohitaji sindano. Ajabu ni kwamba hakuna tangazo hata moja linalomtafuta mama huyo.

Yezebeli na Esta

Turudi kwenye Neno. Yezebeli alijipaka macho, ndiyo, 2 Wafalme 9:30. Lakini soma 1 Wafalme 21 uone alihukumiwa kwa nini. Aliandika barua za uongo, akaua mtu asiye na hatia, ili mumewe anyakue shamba la Nabothi. Damu ya Nabothi ndiyo iliyomlilia, si wanja. Ni vibaya sana tukimwita dada mwenye wanja Yezebeli, halafu mnyakuzi wa ploti ya mjane akaketi kiti cha mbele akiitwa mheshimiwa.

Na mbona tunamsahau Esta? Esta 2:12 inasema wasichana wa ikulu walitengenezwa kwa miezi 12 mizima, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato na vipodozi. Hiyo ni kliniki ya ngozi ya mwaka mzima, na Maandiko hayamkemei Esta kwa hilo. Lakini tusome mpaka sura ya nne. Siku taifa lake lilipohukumiwa kufa, ile miezi 12 ya mafuta haikumtosha. Alikuwa hajaitwa kwa mfalme siku 30, na ngozi ilikuwa ileile. Kilichookoa watu wake ni yeye kufunga siku tatu, kisha kuingia bila kuitwa, akiwa amekubali kwamba anaweza kufa. Urembo ulimfikisha ikuluni. Ujasiri ndio uliofanya kufika kwake kuwe na maana.

Hiyo ndiyo hoja yangu kwa vijana. Uso ni mlango. Hakuna ubaya kuupaka mlango rangi. Ubaya ni kutumia mshahara wote kwenye mlango na ndani hamna hata kiti.

Sindano ya nani?

Wacha niseme hili bila kuzunguka, kama mchungaji anayetaka mrudi nyumbani salama. Mwili ni hekalu, na hekalu halitengenezwi na fundi wa mtaani. Mwezi wa Aprili 2024, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti kuhusu spa moja ya New Mexico iliyokuwa ikifanya kazi bila leseni na ilifungwa 2018. Wateja walikwenda kurudishiwa damu yao usoni kwa sindano ndogo ndogo. Uchunguzi ulionyesha wanawake wasiopungua watatu walipata HIV, na huenda waliipata hapo. Fikirini hilo. Mahali palipokosa usafi, watu wazima wenye afya wakaenda kutafuta uso laini, na huenda wakarudi na virusi.

Kwa hivyo, ukiamua kwenda, usidungwe kwenye saluni, kwenye nyumba ya rafiki, ama na mtu uliyempata mtandaoni anayekwambia ulete pesa taslimu. Daktari aliyesajiliwa anaonekana kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, KMPDC, na unaweza kumtafuta hapo kwa simu yako. Dawa zinazodungwa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mwambie daktari kama familia yenu hupata makovu yanayovimba, maanake ngozi yetu nyeusi hupata makovu hayo na madoa meusi kwa urahisi zaidi. Uvimbe mgumu chini ya ngozi hutokea. Na sindano za kujaza uso zikiingia kwenye mshipa wa damu, zinaweza kuua ngozi au hata kupofusha jicho. Ni nadra, lakini wanaouza hawaanzi na sentensi hiyo.

Jipime mwenyewe

Je, ni dhambi? Jibu langu ni kwamba sindano yenyewe si dhambi, na hakuna pasta aliyepewa orodha ya Mbinguni ya mafuta yanayokubalika na yasiyokubalika. Lakini kitu kisicho dhambi kinaweza kukutawala, na Paulo anatuonya katika 1 Wakorintho 6:12 kwamba uhuru wetu una mpaka hapo hasa.

Kwa hivyo jipime. Angalia kwanza pesa: kama umekopa Fuliza au umechelewesha mchango wa chama ili ulipie, umekwisha kuwa mtumwa kabla hujalala kwenye kitanda cha kliniki. Angalia pili siri: kama ni jambo ambalo ungemficha mume au mke wako kwa sababu ya gharama, moyo wako umekwisha kutoa hukumu. Halafu angalia la tatu, na hili ndilo gumu. Mwangalie mama yako usoni, au nyanya yako. Ile mistari pembeni mwa macho, iliyotokana na kukucheka ukiwa mdogo na kukukodolea macho usiku ukiwa na homa. Je, unaona kitu kilichoharibika? Kama jibu ni ndiyo, shida haiko kwenye ngozi yako. Mithali 16:31 inaita mvi taji. Huwezi kukimbia maisha yako yote kutoka kwa kitu ambacho Mungu anakiita taji, na bado ukasema unamwamini kuhusu kesho yako.

Na sisi tunaoangalia

Nimewaambia vijana. Sasa na sisi wengine.

Rudini kwa wale wawili, mama wa Kayole na dada wa Donholm. Nilisema wanatofautiana. Lakini kuna kitu kimoja kinawaunganisha: hakuna aliyeumizwa na uso wake. Wote wawili waliumizwa na macho ya watu. Mama alikaa karibu na mlango kwa sababu sisi tulimkodolea. Dada anaogopa miaka 40 kwa sababu ameona tunavyowatendea waliofika huko.

Ameona mume akimwambia mkewe mbele ya wageni, "Umezeeka, siku hizi." Ameona matangazo ya kazi yanayodai sura nzuri kuliko cheti. Na kanisani, je? Akiangalia timu ya kusifu anaona nani amesimama mbele ya kamera, na nani alihamishiwa nyuma mwaka aliopata mvi. Anaona bango la mkutano ambapo mhubiri wa miaka 60 amelainishwa kwa programu mpaka anafanana na mwanawe. Halafu mhubiri huyohuyo anapanda madhabahuni kukemea vijana kwa kupenda uso. Wanatusikia, lakini kwanza wanatuona.

Samweli, nabii mzima, aliangalia watoto wa Yese akadanganywa na kimo cha Eliabu. Bwana alimsahihisha hapohapo, 1 Samweli 16:7. Ona kwamba hakumsahihisha Eliabu kwa kuwa mrefu. Alimsahihisha aliyekuwa akiangalia. Hilo ndilo neno letu wiki hii. Tunapenda kuhubiria uso. Mungu aliyahubiria macho.

Tukitaka binti zetu na vijana wetu wa kiume wasiogope kuzeeka, tuwaonyeshe mahali ambapo kuzeeka hakumpotezi mtu. Wamama wa miaka 60 washike maikrofoni. Kalebu wetu wa miaka 85 apewe mlima, si kiti cha kupumzika tu. Mume ajifunze kumsifu mkewe kwa jambo alilofanya leo, si kwa alivyokuwa 2009. Na yeyote ambaye ugonjwa au moto au dawa imembadilisha uso, akiingia mlangoni, akutane na salamu kabla hajakutana na macho.

Tuombe: Baba, tufundishe kuutunza mwili bila kuuabudu. Utuondolee woga wa miaka ambayo wewe mwenyewe umeahidi kutubeba ndani yake. Na utusafishe macho, ili mtu asikimbie uso wake kwa sababu yetu. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni wapi mpaka kati ya kuutunza mwili na kuuogopea? Toa mfano wa mtaani kwako.
2. Soma Isaya 46:4. Ahadi hii inamwambia nini mtu wa miaka 26? Na mtu wa miaka 70?
3. Taja jambo moja ambalo kikundi chenu kitabadilisha mwezi huu ili wazee wetu waonekane na wasikike.